Siku ya Kumbwaga Mamba

Nalala mchana, juu ya meza ya kukandiwa, katika chumba cha kubadilishia nguo chenye harufu ya dawa ya kuchua na jasho la watu waliokuwemo kabla yangu, na wala sikusudii kulala, nafumba macho tu ili nisiendelee kuitazama dari. Nje uwanja unajaa. Nawasikia watu wa Tabora wakiingia na ngoma zao na filimbi zao, nasikia kipaza sauti kikilitaja jina langu la ulingoni, Nyundo, Nyundo wa Unyanyembe, bingwa wa mieleka, na kila kikilitaja watu wanaitikia, halafu kinalitaja jina la pili, Mamba wa Malagarasi, na watu wanazomea mpaka mabati ya chumba yanatetemeka. Huyo Mamba ni Elikana Ruhomvya, mtu wa Kasulu, mfugaji wa nyuki, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa lao, mpole kuliko mtu yeyote niliyewahi kusafiri naye. Kwa miaka yote hii tunachukiana mbele ya watu kwa mpango. Bwana Kihwelo, mwandalizi wetu, ndiye anayeamua nani aanguke na aanguke vipi, na mara nyingi anayeanguka ni Elikana, kwa sababu yeye ndiye mbaya na mimi ndiye mwema, na mbaya akishinda mfululizo watu hawarudi. Kazi yake ni kutema mate, kung'ata, kunipiga kwa kiti nikiwa nimegeuka. Kazi yangu ni kuumia, kupiga magoti, kisha kuinuka. Pambano likiisha tunatokea milango tofauti, tunafikia nyumba tofauti za wageni, na tukikutana njiani hatusalimiani, maana mtu mmoja tu akituona tunacheka pamoja kazi imekwisha. Hata mama yangu hajui. Mama anamchukia Elikana kwa moyo wake wote, na leo, kwa mara ya kwanza, Bwana Kihwelo amempa kiti cha mbele.

Asubuhi Elikana alinijia kwa siri, akaingia kwa dirisha la nyuma, akakaa pembeni ya meza hii akiupapasa mkono wake kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mfuko wa mwenzake. Akaniambia, Mihayo, tangu siku ile ya Nzega nilipoangukia shingo, mkono huu wa kushoto unakufa ganzi. Nashika kikombe kinaanguka, sijui hata kama nimekiachia. Nikamwambia, basi leo tusifanye ile ya kukutupa kutoka kamba ya juu. Akatikisa kichwa kidogo, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maji. Bwana Kihwelo anasema hiyo ndiyo wanayoijia, akasema, na ni ya mwisho, baada ya leo narudi kwenye mizinga yangu. Wewe nitupe tu, nitajikunja, nimezoea. Ila kabla hujanitupa nibonyeze kiganja, nami nikikubonyeza ujue niko tayari. Akatoka kwa dirisha lile lile, akitoa kwanza mguu, kisha kichwa, na ule mkono akauvuta mwisho kama mzigo.

Basi nafumba macho, na kelele za uwanja zinapungua kidogo kidogo kama redio inayohamishiwa chumba cha mbali, mpaka nabaki na pumzi yangu tu, kisha nayo siisikii. Nashuka mezani. Nafungua mlango wa kwendea ulingoni, ule wenye ukorido mfupi na mwanga mwishoni, lakini nikishavuka kizingiti ukorido haukomi, kuta zinasogea mbali, mbali zaidi, mpaka hazipo, saruji inageuka udongo mwekundu chini ya nyayo zangu, na niko barabarani. Barabara imenyooka, haina mti wala nyumba, na kando zote mbili yamepangwa mabango yetu ya mieleka, mimi upande mmoja na mkanda wangu wa ubingwa, Elikana upande wa pili na rangi yake ya kijani usoni na meno nje. Nayapita. Kila bango ni la mji tuliokwisha kupigana, Kahama, Urambo, Kaliua, Nzega, na katika kila bango mimi niko vile vile, kijana, kifua mbele, nang'aa, ila Elikana anazidi kuchakaa, hapa jino limetoka, hapa jicho limevimba, hapa shingo imelala upande, hapa mkono unaning'inia, na nikigeuka kutazama nilikotoka naona kwamba ya nyuma nayo yamebadilika, kijani kimefifia, na mahali alipokuwa amesimama yeye pana karatasi nyeupe. Naanza kukimbia. Kadiri ninavyokimbia ndivyo mabango yanavyopita haraka, na kadiri yanavyopita haraka ndivyo anavyokwisha haraka, kwa hiyo nasimama, natweta, nakaza macho chini, na hapo chini mbele ya miguu yangu naona viatu vyeusi vya mwamuzi.

Nainua kichwa taratibu. Suruali nyeusi, shati la mistari, filimbi shingoni, na juu ya shingo kichwa kisicho na uso, ngozi tupu, laini, imevutwa kama ya ngoma. Miguu yangu inataka kurudi nyuma lakini haina pa kurudi. Namuuliza, wewe ni nani. Sauti inatokea kifuani mwake, chini ya filimbi. Mimi ni yule ambaye hukumtazama hata siku moja, anasema, ingawa nilikuwa karibu na wewe kuliko watu wote. Namwambia namtafuta Elikana. Hapa hakuna Elikana, hapa yuko Mamba. Namwambia ni mtu mmoja. Kama ni mtu mmoja, anasema, kwa nini mmoja anapigwa halafu mwingine ndiye anayeumia. Namuuliza tena, kwa kuwa ndilo swali ambalo kila siku ya kazi nauliza kabla ya kuvaa viatu, mpango wa leo ni upi. Kichwa kile kinainama upande kama kinanitazama. Mpango ni ule ule. Na nani aliyeupanga. Mwenye kushinda. Namwambia mimi sipangi, anayepanga ni Bwana Kihwelo, mimi naambiwa tu. Yule asiye na uso anageuka na kuanza kutembea, na bila kutaka namfuata, maana barabara nyuma yetu inajikunja kama mkeka na nikibaki nitakunjwa nayo.

Tunaingia mji. Unafanana na Tabora na haufanani, mtaa wa sokoni upo, reli ipo, lakini kuta zote za nyumba ni vioo, kutoka ardhini mpaka paa, na mitaa inaonekana ndani ya mitaa mpaka huwezi kujua ipi ni njia na ipi ni taswira ya njia. Nageukia kioo cha kwanza kutafuta uso wangu, na anayenitazama kutoka humo ana rangi ya kijani. Najipapasa shavu, halina kitu, vidole vinatoka safi. Yule wa kiooni naye anajipapasa, na vidole vyake vinatoka vya kijani. Watu wanaanza kutoka milangoni. Ni wengi, wamevaa nguo za Jumapili, wana ngoma na filimbi, na hakuna hata mmoja mwenye uso, ila kila mmoja amegeuza ule uwazi wake upande wangu, na wananizomea. Nimeisikia sauti ile maisha yangu yote ya ulingoni, lakini siku zote ilikuwa inanipita ikimwendea mwingine. Sikujua kwamba ina uzito. Inanigonga tumboni, inaniinamisha, nataka kuwaambia mnakosea, mimi ndiye wenu, na kinywa kikifunguka kinatoka kile kicheko ambacho Elikana hukifanya kuwakera, kicheko alichonionyesha zamani tukiwa peke yetu, akaniuliza kama kinatisha vya kutosha, na mimi nikamwambia ongeza. Nawaza, hiki ndicho alichokuwa anakipokea, mji baada ya mji, halafu anavaa shati lake na kwenda kulala. Mtu mmoja anatema mate, yananipata jichoni. Nakata kona kukimbia, na kila kona ninayokata inanileta mahali pale pale, uwanja mweupe katikati ya mji na ulingo katikati ya uwanja. Nakwenda kulia, ulingo. Narudi kushoto, ulingo. Namuuliza mwamuzi njia ya kutokea iko wapi. Anasema, iko chini ya yule atakayelala. Nami naelewa, na kuelewa kwangu kunanitia baridi kuliko kutoelewa.

Mbele ya ulingo kuna viti, na vyote vimekaliwa na watu wasio na uso, isipokuwa kimoja. Pale amekaa mama yangu, Bi Nyamizi, na kanga zake, na uso wake ule ule, na makunyanzi yake ambayo nayajua kama njia ya kwetu. Nafurahi. Naenda kupiga magoti mbele yake. Umechelewa, baba, ananiambia, nimekaa hapa nakungoja umuue yule mtu. Namwambia, mama, twende nyumbani. Anasema, umuue kwanza. Basi nainama sikioni kwake na kumwambia neno ambalo sijamwambia tangu nianze kazi hii, mama, yule si adui yangu, ni rafiki yangu, anaitwa Elikana, ule ni mchezo, tunapanga nani aanguke. Mama anaingiza mikono ndani ya kanga. Hakasiriki, na afadhali angekasirika. Miaka yote hii, anasema, kila alfajiri naamka kabla jogoo hajawika, napiga magoti, namwombea mabaya mtu huyo. Unarudi nyumbani na jeraha, naomba. Unachechemea, naomba. Naomba mkono wake ukauke, ule anaokupigia. Namuuliza, mkono upi, mama, na najua atakachosema kabla hajasema. Wa kushoto, anasema. Nimeuombea ukauke, na naambiwa umeanza kukauka. Sasa niambie wewe uliyesoma, je, maombi yangu nayo ni mchezo. Nataka kumshika mikono lakini ameikunja ndani ya kanga, na anaongeza kwa sauti ya chini, kama anavyoniambia chakula kiko mezani, panda, baba, watu wanangoja.

Sipandi. Najua sipandi, nimeganda pale chini, na bado niko juu, kamba ziko pande zote na ubao unalia chini ya miguu yangu. Elikana yuko kona ya pili. Hana rangi. Amevaa joho la kwaya, jeupe, na mkono wa kushoto umening'inia mbali kidogo na mwili kama si wake. Namwita kwa jina lake. Haitiki, midomo yake inaimba lakini sauti haitoki. Filimbi inalia kutoka kwa mtu asiye na mdomo, na mwili wangu unaanza kazi yake. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko watu wote wale na vioo vyote vile, kwamba mwili wangu hauniulizi. Unajua pa kushika, unajua pa kukanyaga, umefanya hivi mara nyingi mno. Unamzungusha, unamgonga, unamnyanyua, na mimi ndani yake napiga kelele kama mtu aliyefungiwa ndani ya lori linalokwenda. Ananijia mwepesi, Elikana ambaye siku zote alikuwa akinisaidia kumbeba kwa kuruka kidogo, leo haruki, na bado ni mwepesi kama joho tupu. Tunapanda kamba ya kwanza, ya pili, ya juu. Chini yetu hakuna turubai, kuna kioo, na ndani ya kioo naona watu wawili wakipanda kuelekea kwetu, na yule aliyebebwa ni mimi. Natafuta kiganja chake. Nakipata. Nakibonyeza. Nangoja. Mama amesimama, watu wote wamesimama, ngoma zimenyamaza. Nakibonyeza tena, kwa nguvu, namwambia Elikana nibonyeze, ndugu yangu, nibonyeze tu basi, na kiganja kiko mkononi mwangu baridi na kizima kabisa na hakinibonyezi, na mikono yangu inamwachia.

Haanguki peke yake, naanguka naye, au naanguka mimi, kwa sababu kioo kinakuja juu na uso unaokuja nao ni wangu, unakuja, unakuja, haufiki, na nasikia mtu akisema bingwa, bingwa, mpaka neno linakuwa mkono begani mwangu unaonitikisa.

Bingwa, amka, wanakungoja. Ni Bwana Kihwelo, ameniinamia, na kofia yake na miwani yake. Niko juu ya meza. Mgongo wote unaniuma kama unavyoniuma baada ya pambano, si kabla. Nanyanyua mkono wangu, namgusa shavu, namgusa pua. Anarudi nyuma, anauliza, una nini wewe. Ana uso, naona, lakini uso si ushahidi, mama naye alikuwa na uso kule. Namuuliza tumeshapigana. Anacheka kidogo, kisha anaacha kucheka. Tumeshapigana wapi, Mihayo, Mamba ndiyo kwanza ameingia, husikii wanavyomzomea. Nasikia. Namwambia leo sitamtupa kutoka kamba ya juu, mkono wake umekufa, atavunjika. Bwana Kihwelo anavua miwani, anaifuta kwa shati, ananiambia kwa upole kama daktari, yeye mwenyewe amekubali, na wewe si wa kwanza kuogopa siku kubwa, nenda, ukifika kule mwili utajua. Maneno hayo yananisimamisha wima. Mwili utajua. Naufungua mlango, ukorido ni mfupi, mwanga uko mwishoni, nautembea nikizishika kuta zote mbili ili zisije zikasogea, na mwisho wake kuna jua la alasiri na watu, watu wengi, wanaruka, wanaliita jina langu, na niko mbali nao kiasi kwamba siwezi kuona kama wana macho.

Mama yuko kiti cha mbele. Ananipungia ncha ya kanga. Napanda ulingoni, ubao unalia chini ya miguu yangu, na kona ya pili Elikana, kijani tupu, anatema mate kuelekea watu na kucheka kile kicheko chake, na watu wanamtupia chupa za maji na maganda ya machungwa. Kengele inapigwa. Anakuja mbio, mkono wa kulia juu, wa kushoto ukimfuata nyuma, na ninausikia mwili wangu ukijiandaa kumpokea, mguu huu hapa, bega lile pale, tayari kuanza kazi yake bila mimi. Siutii. Nashusha mikono. Elikana ananigonga kifuani, anashangaa kwamba sijazuia, ananinong'oneza huku akinguruma kwa ajili ya watu, vipi, umesahau. Naushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yangu yote miwili, mbele ya Tabora nzima, si kwa kuupinda wala kuuvuta, naushika kama mtu anavyoushika mkono wa ndugu yake mlangoni pa nyumba yenye msiba. Nasema kwa sauti, huyu anaitwa Elikana Ruhomvya. Ni rafiki yangu. Ni mgonjwa, na mimi simtupi leo wala kesho. Ngoma ya karibu inanyamaza, kisha ya pili yake, kisha zote, na ukimya unaenda mpaka ukuta wa nyuma wa uwanja. Sijui ni nani anayezomewa sasa, maana hakuna anayezomea. Bwana Kihwelo amesimama mdomoni mwa ukorido na kofia mkononi.

Mihayo, ananong'oneza Elikana, na kijani kinamtiririka mashavuni, sijui ni kwa jasho au ni kwa machozi, wanatuona. Namwambia najua. Niachie basi, anasema, utaharibu kila kitu. Nakitazama kiganja chake ndani ya viganja vyangu na namuuliza kama anasikia ninavyomshika. Anafikiri, kweli anafikiri, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Anasema hajui. Na mimi sijui, sijui kama huu ni uwanja au ni ule mwingine, sijui kama nimemwahi au nimeshamwangusha na huu ndio upande wa pili wa kioo, najua tu kwamba simwachii. Pale mbele mama yangu anaweka kanga yake sawa begani, anashika mgongo wa kiti, anainuka polepole kama wanavyoinuka wazee, na bado sijaona anaelekea wapi, kwetu au mlangoni.